Mwari akiruka: asubuhi darajani au jioni ufukweni, lenzi ndogo au kubwa?

Mdogo wangu kanipigia wiki iliyopita, ana kamera ya Canon ya kawaida tu na ile lenzi ndogo ya milimita 55-250, anasema kaka nimekusanya hela, niiuze hii nichukue lenzi ndefu ya Sigma ya 150-600 au nifanyeje, maana nataka mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko mdomoni, wakiwa angani na kila nikipiga wanatoka weusi kama mkaa. Nikamuuliza unapigia wapi, akasema Coco Beach, asubuhi, saa 1 na nusu. Nikamwambia basi hiyo hela iache ilipo kwanza, huo weusi hauna uhusiano na lenzi, hata ukinunua lenzi ya bei ya gari utapata mwari mweusi yule yule ila mkubwa zaidi.

Ndo nikaona niandike, maana sio yeye peke yake. Wengi wetu hapa Dar tunaanza na lenzi, hii na ile ipi kali, wakati cha kwanza kulinganisha ni umesimama wapi na saa ngapi, lenzi inakuja baadae kabisa. Kwahiyo nalinganisha vyote ila kwa mpangilio huo.

Kwanza ndege mwenyewe, maana yeye ndo anaamua mengi. Huku pwani kwetu ninaemkuta mimi mara nyingi ni yule mwari wa kijivujivu mwenye mgongo wa pinki. Ni mdogo ukimweka karibu na mwari mweupe, wale wa makundi makubwa wa Ziwa Manyara, lakini mdogo hivyo hivyo akikunjua mabawa toka ncha hadi ncha unapata zaidi ya mita 2, wapo wanaokaribia mita 2.9. Kutofautisha angani ni rahisi, mwari mweupe manyoya ya nyuma ya bawa ni meusi tii na yanaachana kabisa na weupe wa mbele, huyu wetu hana mkato mkali hivyo. Sasa ile pinki. Akiwa ametulia mtini au majini huioni, mabawa yanaifunika, na ukimtazama toka chini akiruka unaona kijivu tu. Iko mgongoni, inashuka mpaka juu ya mkia, na inaonekana akifungua mabawa na wewe uwe juu yake au angalau usawa wake. Hilo lishike, nitalirudia.

Halafu anavyoruka. Shingo anaikunja, kichwa kinalala nyuma mabegani na mdomo unakaa mbele, anapiga mabawa taratibu mara kadhaa kisha anateleza, na wakiwa kwenye msururu wa mbele akiacha kupiga anaemfuata nae anaacha, inashuka hivyo hivyo hadi wa mwisho, ni kitu kizuri mno kukiangalia hata bila kamera. Mara nyingi wanapita chini kabisa juu ya maji, bawa karibu liguse, maana hewa ya pale chini inawabeba kwa nguvu kidogo. Ila usikae kumsubiri ajitupe toka juu kichwa mbele aingie majini, zile picha ni za mwari wa kahawia wa kule mabara ya Amerika, wetu wanavua wakiwa wanaogelea. Mimi nilipoteza Jumamosi kadhaa nikisubiri hiyo picha kabla sijajua. Picha kubwa ya mwari wetu ni pale anapoondoka majini, anakimbia juu ya maji miguu yote miwili ikipiga kwa pamoja, maji yanaruka nyuma, mabawa yamefunguka yote, na akishika hewa ndo mgongo unaonekana.

Sasa tuje kwenye kusimama.

Ufukwe wetu, Coco Beach, Mbezi, Kunduchi mpaka Ununio, unatazama mashariki. Asubuhi jua linatokea baharini, yaani liko nyuma ya ndege na mbele yako, ubavu wa ndege unaouona wewe ndo ule wenye kivuli. Hapo hakuna setingi itakayokuokoa, ukiongeza mwanga ili ndege aonekane mbingu inaungua yote inakuwa karatasi nyeupe. Ufukweni asubuhi naona kuna picha moja tu ya maana, nayo ni ya kivuli, dakika kama 20 za mwanzo jua likichomoza, mwari wamepita mbele ya lile duara na ngalawa iko chini yao, hapo weusi ndo unautaka. Ikishapita hiyo rudi nyumbani ukanywe chai.

Jioni pale pale ufukweni hali inageuka. Toka saa 10 na nusu jua liko mgongoni kwako, linawapiga ndege usoni, maji yanakuwa ya bluu iliyokolea na manyoya yanachukua rangi ya dhahabu. Shida ziko mbili. Ya kwanza ni muda, jua letu likianza kushuka halikusubiri, kutoka mwanga mzuri mpaka giza ni haraka sana, watu waliozoea video za wapiga picha wa Ulaya wanadhani wana masaa mawili ya mwanga wa dhahabu. Ya pili ni upepo, na hii niliisoma kwa mzee mmoja mvuvi Kunduchi.

Nilikuwa nimesimama pale nahangaika, kila mwari anaetua ananionyesha mkia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba mwanangu, mbona unazungukazunguka?" Nikamweleza. Akanyoosha mkono kwenye mashua iliyotia nanga, "Tazama omo ya ile mashua imeelekea wapi." Omo ni ile pua ya mbele, nikaona imeelekea baharini. "Basi na ndege ataelekea huko huko, upepo ukiutaka uso wa mashua ndo uso wa ndege." Nimeifanyia kazi toka siku hiyo. Ndege mzito kama mwari anaondoka na kutua akiwa ameukabili upepo, na mashua yenye nanga nayo inageuza omo kwenye upepo, labda mkondo uwe mkali. Alasiri upepo unatoka baharini, kwahiyo ukiwa ufukweni na jua mgongoni wale wanaotua wanakupa mgongo. Kipindi cha kaskazi, kama Desemba hadi Machi, ni hivyo hasa, upepo unakuja moja kwa moja toka baharini. Wakati wa kusi, toka kama Mei hadi Septemba, upepo unaegemea kusini, unapita ufukwe kwa ubavu, na hapo jioni za ufukweni zinakuwa nzuri sana maana mwari anaekwenda kusini anasukumana na upepo, anakwenda polepole, na unapata ubavu wake wote na jicho.

Chaguo la pili ni daraja la Tanzanite, asubuhi. Lile lilifunguliwa 2022, kilomita moja na kidogo, limepita baharini mbele ya mdomo wa mto Msimbazi toka upande wa hospitali ya Aga Khan kwenda Oysterbay, na lina njia ya waenda kwa miguu. Ukisimama pale asubuhi ukatazama ndani, yaani upande wa daraja la Selander na mikoko, jua liko nyuma yako. Asubuhi, na bado jua liko nyuma yako, ufukwe wote hauwezi kukupa hiyo. Alafu uko juu ya maji, mwari anaepita chini chini unamwona usawa wake au toka juu kidogo, na hapo ndo ile pinki niliyosema uishike inapotokea. Picha zangu zote zenye mgongo wa pinki unaosomeka vizuri zimetoka darajani, za ufukweni nina matumbo na mabawa kwa chini, mazuri lakini ya kijivu.

Upepo pia unakusaidia. Alfajiri umande, yaani ule upepo wa asubuhi, unatoka nchi kavu kwenda baharini, hapo bado, ndege watakupa mkia. Ikifika saa 2, saa 3, upepo wa baharini unaanza kuingia, unakuja toka nyuma yako, na kila mwari anaeondoka kwenye ule mkondo anaondoka akikujia wewe. Jua mgongoni na upepo mgongoni, ukipata vyote viwili kwa pamoja usiondoke hata kama una njaa.

Ila daraja linategemea maji. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Dar yanajaa alfajiri na yanakupwa mpaka mwisho kama saa 4 au 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa inapita mita 3. Kwahiyo saa 2 hadi saa 3 na nusu maji yako njiani kutoka, tope linaanza kujitokeza, samaki wanabanwa kwenye mkondo na ndege wanakusanyika. Yakishakauka kabisa mimi naona panapoa, wanabaki yangeyange na ndege wadogo wa tope, mwari wanataka maji ya kuogelea. Siku za maji mafu, yaani zile za nusu mwezi, ni kinyume, asubuhi ile maji yamejaa, jioni ndo yanatoka, basi siku hizo chagua ufukwe jioni. Kalenda ya maji ipo kwenye simu bure, na usipoielewa muulize mvuvi yeyote Feri au Msasani.

Ubaya wa daraja, gari ni marufuku kusimama kwahiyo shuka upande mmoja utembee. Magari makubwa yakipita sakafu inatikisika, kwa picha za kuruka haisumbui maana spidi ya shata yako iko juu, ila tripodi usiilete, haina kazi. Na kivuli hakuna kabisa, beba maji na kofia.

Kuna chaguo la tatu nitalisema kwa kifupi, Mbudya. Kisiwa kina ufukwe unaotazama magharibi kuelekea Kunduchi, kwahiyo asubuhi jua linakuwa nyuma yako, na maji ya pale ni masafi yanarudisha mwanga chini ya mabawa. Lakini ni eneo la hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, kuna nauli ya boti, na kama mwari hawapo siku hiyo umelipa hela ukaangalie kunguru. Nenda kama unakwenda na familia na kamera iko begini.

Mimi kwa mtu mmoja anaeanza namwambia daraja, asubuhi, bamvua. Kama kazi haimruhusu asubuhi, basi ufukweni jioni wakati wa kusi. Asubuhi ufukweni aache.

Sasa lenzi. Hapa watu watanipinga ila hesabu ni rahisi. Kamera nyingi tulizonazo, Canon hizi za kawaida, sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 22 na kidogo. Chukua mwari wa mita 2 na nusu, unataka mabawa yachukue nusu ya fremu ili abaki na nafasi ya kuruka. Kwa 250 anatakiwa awe mita 56 hivi. Kwa 600 ni mita 134. Mita 56 darajani ni umbali wa kawaida kabisa, wanapita karibu zaidi ya hapo. Kunguru ambae mabawa yake ni kama sentimita 80, ukimtaka hivyo hivyo kwa 250 inabidi awe mita 18, hapo ndo mtu anasema lenzi yangu fupi, na kwa kunguru kweli ni fupi. Mwari ni mkubwa, anakusamehe.

Uzito. 55-250 ile ya STM ina gramu 375, unainyoosha mkono asubuhi nzima. Sigma ya 150-600, ile nyepesi ya Contemporary, ina karibu kilo 2, kamera bado. Kumfuata ndege kwa kuzunguka kiuno na kilo 2 na nusu mkononi dakika ya 10 mikono inaanza kutetemeka, unaanza kuchelewa, na mwari hakusubiri. Halafu kwa 600 dirisha ni dogo sana, unanyanyua kamera unaona maji matupu, unatafuta ndege yuko wapi, ukimpata kashapita. Wenye nayo nawashauri waanze 200 au 300, umshike ndege, ukishatulia nae ndo uzumu ukiendelea kumfuata.

Na kuna hili ambalo wauzaji hawatakuambia, joto. Ikishafika saa 4 hewa juu ya mchanga na tope inachemka, unaiona kabisa inacheza kama juu ya lami. Lenzi ndefu inakuza ndege na inakuza na huo mchezo. Picha ya mita 130 kwa 600 saa 5 asubuhi inatoka laini kama imepigwa kupitia maji, na mtu anaipeleka lenzi kwa fundi wakati lenzi ni nzima. Ukiwa karibu na lenzi ndogo hewa iliyopo katikati ni kidogo.

Lenzi kubwa inashinda wapi? Inashinda ufukweni, jioni, pale mwari wanapita mbali juu ya bahari na huna namna ya kuwasogelea. Inashinda ukitaka kichwa na jicho tu. Inashinda ukiwa na mpango wa kupiga ndege wadogo pia. Hizo ni sababu za kweli na mtu mwenye nazo anunue bila kusita. Ila fokasi yake kwenye kamera za zamani inahitaji mwanga, ukiwa 600 tundu lake linafungua f/6.3 wakati ile ndogo kwa 250 inafungua f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), tofauti ndogo lakini jioni jioni unaiona.

Katikati kuna 70-300 za Nikon na Canon, naziheshimu, uzito wa kubebeka na urefu unaotosha, na kama mtu hana lenzi kabisa ningemwambia aanzie hapo. Ukinunua yuzdi kagua ndani kwa tochi, unyevu wa Dar unazalisha fangasi, mimi nimeshauziwa lenzi yenye utando kama wa buibui kioo cha ndani na nikagundua nyumbani, iliniuma sana. Simu kwa mwari anaeruka hapana, itakupa kivuli cha jua kuchomoza na hiyo inatosha. Zile kamera za zumu refu zisizobadilisha lenzi, Nikon P900 na wenzake, kwa ndege aliyetulia zinashangaza, kwa anaeruka kioo chake kinachelewa na fokasi inatafutatafuta.

Setingi nitazipitia haraka maana zinafanana lenzi zote. Fokasi ya kufuata, ile Canon wanaiita AI Servo na Nikon na Sony AF-C, na kupiga mfululizo. Spidi ya shata 1/2000 ya sekunde, mwari kwa upole wake hata 1/1000 inakubali ila akiondoka majini matone yanataka 2000. Jua likiwa kali, f/8 na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 400 inakaa sawa. Na hizo zote ziweke mwenyewe kwa mkono, usiiachie kamera, hapa nasisitiza. Mwari akiwa na mikoko nyuma yake kamera inaona giza inaongeza mwanga, manyoya meupe yanaungua. Sekunde moja baadae kapanda mbingu iko nyuma, kamera inaona mwanga mwingi inapunguza, ndege anakuwa mweusi. Jua linalompiga ni lile lile, halijabadilika, kwahiyo setingi nazo zisibadilike. Piga picha moja ya yangeyange aliyesimama juani, angalia weupe wake haujaungua, funga hapo, endelea.

Mwari hawapo kila siku, mkubaliane na hilo. Siku hawapo fanya mazoezi na mwewe na yangeyange, mkono ukizoea hao mwari ataonekana anaruka kama amepunguziwa spidi. Na tafadhali sana msiwarushie mawe ili waruke, wala kumpa mtoto buku akawafukuze, nimeliona hili kwa macho yangu na linaniudhi. Ndege mwenye kilo 5 au 6 kuondoka majini ni kazi kubwa, na akifukuzwa anaondoka akikupa mgongo, hata picha yenyewe hupati. Kaa, atatoka mwenyewe.

Usalama, usiende peke yako, mkanda wa kamera upite begani mpaka kwapani usining'inie, na upande wa Feri na Magogoni kamera ibaki begini maana Ikulu iko pale na bandari iko pale. Ukirudi nyumbani loanisha kitambaa maji baridi ya bomba, kikamue, futa kamera na lenzi nje yote kisha kausha, chumvi ya bahari ukiiacha usiku mmoja tu inaanza kula skrubu. Lenzi usibadilishe kwenye upepo wa mchanga.

Kwahiyo mdogo wangu, 55-250 yako usiiuze. Hela weka. Mwezi mpevu ukifika tukutane saa 1 na nusu upande wa Aga Khan tutembee mpaka katikati ya daraja, na mimi nitabeba ile kubwa ya rafiki yangu uishike nusu saa, alafu ukitoka hapo ndo uniambie kama bado unaitaka.